Rais anayeondoka akimnadi mrithi wake: tuwaangalie waliokaa kwenye turubai

Swali limetoka kwa kijana wa Mwanza: "Shikamoo mwalimu. Mi na baba tumebishana wiki nzima. Hivi ni sawa rais anayemaliza muda wake azunguke nchi nzima kumpigia kampeni mtu ambaye chama chake kimempitisha amrithi? Mi nasema sio sawa, yule ni rais wetu sote hata sisi tusio na kadi. Baba anasema rais asipomnadi mgombea maana yake hamtaki, na chama kitapasuka. Nani yuko sahihi?"

Marahaba, na mzee msalimie sana.

Nianze na msimamo wangu kabisa. Rais anayeondoka aruhusiwe kumnadi mgombea wa chama chake, hapo niko na mzee. Ila aende kama mwanachama, mkono mtupu, serikali akiwa ameiacha nyumbani, na hapo niko na wewe, na ukiniuliza katika nchi zetu hizi nimemwona rais gani aliyeko madarakani akapanda jukwaani bila serikali kupanda naye, nitakwambia sijamwona. Sasa kinachonisumbua mimi sio kilekile kinachokusumbua wewe. Wewe unamwaza mwananchi aliyesimama juani, mi nawawaza wale waliokaa kwenye turubai.

Mkutano wa kampeni rais akiwemo unakuwa na wasikilizaji wa aina mbili. Kuna maelfu waliosimama na kofia na tisheti, hao wanasikia hotuba, wanashangilia, wengine wanazomea kimoyomoyo, wakirudi nyumbani kila mtu anabaki na akili yake na siku ya kura anaingia kwenye kituturi peke yake. Alafu kuna wachache sana, hao ndo wa kwenye turubai, ambao wanasikia kitu kingine kabisa, mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, kamanda wa polisi, mkurugenzi wa halmashauri, bosi wa shirika la umma, na hawa hata wasipofika uwanjani wanasikiliza redioni au wanaangalia kwenye simu, na rais akimshika mgombea mkono akaunyanyua juu mwananchi anaona mtu anaombewa kura ila hawa wanamwona aliyewateua, ambaye anaweza kuwatengua kesho asubuhi, anaonyesha anachotaka kitokee. Hajawaagiza chochote. Hana haja ya kuwaagiza.

Mwaka 2015 nilikuwa mwangalizi wa ndani kwenye manispaa moja, mji na mtu sitawataja. Siku msafara mkubwa wa kampeni umeingia mjini nilikuwa ofisini kwa msimamizi wa uchaguzi nafuatilia orodha za vituo, na yule bwana hakwenda uwanjani, alikaa mezani kwake anafanya kazi yake vizuri tu, ila redio ilikuwa wazi na kila wakinyamaza uwanjani na yeye kalamu inasimama. Baadae tukinywa chai akaniambia, mwalimu, mimi nimewekwa kwa sahihi moja na naondolewa kwa sahihi hiyohiyo. Hakuiba kura yule, na sisemi aliiba, nilikaa naye mpaka mwisho na hesabu zilikuwa sawa. Ninachosema ni kwamba mtu wa namna ile hatakiwi kupewa mtihani wa namna ile, akiushinda ni kwa sababu ya roho yake nzuri na sio kwa sababu sisi tumemwekea kinga yoyote. Na unajua suala la wakurugenzi wa halmashauri kama yeye kusimamia uchaguzi lilifika mpaka mahakamani, Mei 2019 Mahakama Kuu ikasema ni kinyume na Katiba, Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile.

Ndo maana ile hoja ya kofia mbili, rais kuwa pia mwenyekiti wa chama, mi huwa siichukulii kama kelele za wapinzani. Mwalimu Nyerere alitoka urais 1985 akabaki mwenyekiti wa CCM mpaka 1990, kwahiyo kwa miaka mitano kofia zilikuwa vichwani mwa watu wawili, baada ya hapo rais akawa ndo mwenyekiti, isipokuwa vile vipindi vifupi vya makabidhiano, kama Kikwete alivyobaki mwenyekiti mpaka Julai 2016. Matokeo yake ni kwamba mtu anayeongoza vikao vya kuchuja majina, anayempeleka mgombea kwa wananchi, anayewateua wanaosimamia zoezi na anayewaamuru polisi ni mtu mmoja. Huwezi kumwambia aache kofia moja nyumbani wakati zote mbili zimeshonwa pamoja.

Mzee wako lazima anaukumbuka mwaka 1995, muulize. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Augustine Mrema amehamia upinzani, NCCR-Mageuzi, na nchi imetikisika, watu wanasukuma gari lake kwa mikono. Rais aliyekuwa madarakani ni Mzee Mwinyi, ila aliyezunguka nchi kumnadi Benjamin Mkapa mpaka ikaeleweka ni Nyerere, na Nyerere wakati ule hana cheo serikalini, hana uenyekiti, hamteui DC wala hamfukuzi OCD. Alichokuwa nacho ni sauti yake, historia yake na zile hotuba zake kama ile ya Mei Mosi pale Mbeya alipoeleza rais tunayemtaka awe na sifa gani. Ukimkataa Nyerere 1995 ulikuwa humkatai mtu anayeweza kukupeleka mkoa wa mbali kesho yake. Mkapa akapata karibu asilimia 62, Mrema karibu 28. Uchaguzi ule ulikuwa na madudu yake mengi, Dar es Salaam ilibidi irudiwe, lakini kwenye hili tunaloongelea mi nauona kama kipimo kizuri kuliko vyote: mkubwa wa chama anaruhusiwa kumnadi mtu kwa nguvu zote za sauti yake, mradi mkononi hana kamba.

Sasa twende Kenya, mana pale ndo kuna somo lenyewe na ndo litamjibu mzee kuhusu chama kupasuka.

Moi alikuwa ametawala toka Agosti 1978, na 2002 Katiba ilikuwa haimruhusu tena. Machi mwaka huo chama chake KANU kikaungana na chama cha NDP cha Raila Odinga pale Kasarani, Raila akawa katibu mkuu, na George Saitoti aliyekuwa makamu wa rais kwa miaka mingi akaachwa nje ya safu ya wenyeviti wasaidizi, yaani mtu anakaa kwenye mkutano wa chama chake anaona majina yanasomwa la kwake halimo. Watu kadhaa pale kila mmoja alikuwa anaamini urithi ni wake, Raila anaamini, Kalonzo Musyoka anaamini, Musalia Mudavadi anaamini, Saitoti alishasubiri mpaka basi. Julai Moi akatangaza kuwa anamtaka Uhuru Kenyatta. Uhuru alikuwa na miaka 40, mwaka 1997 alishindwa ubunge wa Gatundu Kusini nyumbani kwao kabisa, na bungeni aliingia 2001 kwa kuteuliwa na Moi mwenyewe ndipo akapewa uwaziri. Wakenya wakamwita mradi, mradi wa Moi, na jina likaganda.

Moi akaanza kuzunguka naye. Na hapa ndo nakuomba uangalie vizuri mdogo wangu, mana wengi wanasema Moi alishindwa kwa sababu Uhuru alikuwa mdogo au kwa sababu watu walichoka, ni kweli walichoka, ila kilichoivunja KANU ni mfuatano wa mambo. Kampeni ilianza kabla chama hakijachagua. Rais alishamnadi mtu nchi nzima, mkutano mkuu wa wajumbe ukaja baadae kupitisha jambo lililokwisha, kwahiyo kila aliyetaka kugombea akaona hakuna mlango ulioachwa wazi ndani, wakatoka. Saitoti akafukuzwa umakamu Agosti, wenzake wakajiita Rainbow, wakahamia chama cha LDP, na Oktoba siku KANU inamthibitisha Uhuru kule Kasarani wao wamejaza Uhuru Park na Raila anasema maneno mawili ambayo yalimaliza kazi, Kibaki tosha, yaani Mwai Kibaki wa upinzani anatosha kuwa rais. Mudavadi alirudi KANU akapewa umakamu wa rais Novemba, Desemba akaanguka hata kwenye jimbo lake la Sabatia.

Mashine ya serikali ilikuwepo yote, ma-PC yaani wakuu wa mikoa, ma-DC wa wilaya, machifu mpaka vijijini. Tarehe 27 Desemba Kibaki akapata karibu asilimia 62, Uhuru 31. Tarehe 30 Moi akakabidhi madaraka pale Uhuru Park huku watu wakimzomea na kumrushia tope, na alikabidhi, na Uhuru alikubali kushindwa mapema, kwa hilo nawapa heshima zao zote mpaka leo. Lakini mwambie mzee kwamba KANU haikupasuka kwa sababu rais alinyamaza. Ilipasuka kwa sababu alisema kabla chama hakijasema.

Na ajabu ni kwamba yule aliyebebwa 2002 na yeye miaka 20 baadae akabeba. Uhuru 2013 alikuwa anawaambia watu kumi yangu, kumi ya Ruto, kila mtu alisikia. Ikaja ile salamu ya mkono na Raila Machi 9, 2018, yakaja mambo ya BBI, ule mpango wao wa kubadilisha Katiba, ambayo Mahakama ya Juu iliyazima Machi 31, 2022, na kufika uchaguzi wa Agosti 9 rais yuko upande wa Raila na muungano wa Azimio, akipingana na naibu wake mwenyewe, Ruto, ambaye bado ana ofisi na walinzi wa serikali. Mawaziri walipanda majukwaani waziwazi, na sheria yao ya uongozi na uadilifu ya 2012 inawakataza maafisa wa kuteuliwa kufanya siasa za vyama ila mawaziri wakati ule ikawaachia mlango, kwa maoni yangu lile ni kosa kubwa la kiuandishi wa sheria, waziri wa mambo ya ndani ndo mtu wa mwisho kabisa unayetaka kumwona kwenye jukwaa la kampeni. Matokeo unayajua, Ruto kura 7,176,141, Raila 6,942,930, na Kiambu, Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, nyumbani kwa rais na majirani zake, wote walimpa Ruto. Rais alizungumza na watu wake kwa lugha yao na bado wakamkatalia.

Kwahiyo kuna watu watakuambia unaona, haina madhara, wananchi wana akili, wakimkataa mgombea wa rais wanamkataa. Congo pia 2018 Kabila alimteua Ramazani Shadary na serikali nzima ikamsukuma, na kwenye matokeo rasmi, ambayo yenyewe yalipingwa sana, Shadary alikuwa wa tatu na asilimia kama 24 tu. Mi sikubaliani na hoja hiyo hata kidogo. Kura ya mwananchi kuweza kumshinda rais haimaanishi rais alikuwa na haki ya kuweka uzito wa dola upande mmoja. Mtu akikimbia na jiwe mgongoni akashinda, wewe uliyemtwisha hujapata ruhusa ya kumtwisha tena.

Haya, tuje upande wa mzee, mana kuna hoja ya maana humo na mi naiamini kwa dhati. Chama kilichotawala miaka kumi kina deni la kujieleza. Barabara zilizojengwa na zilizokwama, hospitali zenye dawa na zisizo na dawa, ahadi za ilani iliyopita, hayo yote mwenye nayo ni rais anayeondoka, na akijificha Ikulu mpaka kampeni ziishe mgombea wake anapata nafasi ya kuja kama mtu mpya kabisa, kana kwamba miaka kumi ile walitawala jirani. Hiyo sio haki kwa mpiga kura. Marekani mwaka 2000 Al Gore alimweka Bill Clinton mbali na kampeni zake na watu mpaka leo wanabishana kama ndo kilichomponza. Na sisi 2015 kampeni ya Hapa Kazi Tu iliuzwa sana kwa sura ya Magufuli mwenyewe, chama kikarudi nyuma kidogo, ila pale Jangwani Agosti ile kampeni zinafunguliwa, marais walikuwepo jukwaani, Kikwete aliyeko madarakani na wastaafu, na mi niliona ni vizuri walikuja, watu wawaone na wawapime. Hata yale maneno ya Mzee Mkapa ya wapumbavu na malofa ambayo yaliwaudhi watu wengi, bora yalisemwa hadharani yakajibiwa hadharani.

Kumziba rais mdomo kabisa sio dawa, na nchi zilizojaribu zimeona ugumu wake. Mexico, ambako zamani rais alikuwa anamnyooshea mtu kidole na ndo huyo anakuwa rais ajaye, mwaka 2006 mahakama yao ya uchaguzi ilisema wazi kwamba maneno ya Rais Vicente Fox yaliuhatarisha uchaguzi, na uchaguzi wenyewe Felipe Calderón wa chama chake alishinda kwa tofauti isiyofika asilimia 1, lakini haukufutwa, mana nani atapima maneno yalihamisha kura ngapi? Mwaka uliofuata wakabadilisha Katiba kubana matangazo ya serikali. Brazil 2010 Lula alipigwa faini zaidi ya mara moja kwa kuanza kumnadi Dilma Rousseff kabla ya muda, na Dilma akashinda. Marekani wamechagua njia nyingine, sheria yao ya 1939 inayowabana watumishi wa serikali kuu haimgusi rais wala makamu wake, ila safari za kampeni kwa ndege ya serikali kuna sehemu ya gharama chama kinatakiwa kirudishe. Sehemu tu, mana ulinzi unabaki wa serikali, na hilo nalielewa, huwezi kumwambia rais aende Kigoma kwa basi bila walinzi.

Mimi ningeanzia kwenye turubai. Toka siku tume inapoteua wagombea mpaka siku matokeo yanatangazwa, uteuzi na utenguzi wa wakuu wa wilaya, wakurugenzi na makamanda wa polisi usimame. Kabisa, hata akitokea mmoja ameharibu kazi akaimu mwingine. Ukifanya hivyo rais akinyanyua mkono wa mgombea yule bwana wa manispaa yangu anaweza kuzima redio akaendelea na orodha zake. Jambo la pili linaniuma zaidi kwa sababu linafanyika mchana kweupe: zile ziara za kikazi. Asubuhi anazindua kisima kwa fedha za serikali, magari ya serikali, wanafunzi wametolewa darasani kupanga mstari, saa kumi jioni msafara uleule unaingia uwanjani na bendera za chama zimefungwa, na mhasibu anaandika siku nzima kuwa ziara ya kikazi. Siku ya kampeni iwe siku ya kampeni, mafuta, posho na helikopta vilipwe na chama na risiti zionekane. Maadili ya uchaguzi tunayo, yanasainiwa kila uchaguzi na vyama, serikali na tume, ila sijaona mtu mkubwa akiwajibishwa kwayo kwa jambo la namna hii.

Alafu kuna hili ambalo mzee anapenda kulisahau, kwamba kumbeba mtu hakukuhakikishii chochote. Zambia 2001 Chiluba alimchagua Mwanawasa, akashinda kwa asilimia kama 29 tu, na mwaka uliofuata bunge likamvua Chiluba kinga. Malawi 2004 Muluzi alizunguka nchi nzima na Bingu wa Mutharika, Februari 2005 Bingu akakitupa chama kilichombeba akaunda chake. Angola dos Santos alimwachia João Lourenço 2017, haikupita miezi mingi binti yake akaondolewa kwenye shirika la mafuta. Mi siwalaumu hao warithi, wengine walifanya jambo ambalo nchi ilikuwa inalihitaji. Nachotaka mzee akione ni kwamba chama kinachomwachia mtu mmoja achague, amnadi na amlinde mrithi kinakuja kugundua baadae kwamba hakina mkataba wowote na huyo mrithi.

Na ile ya kusema akinyamaza maana yake hamtaki, mwambie mzee aangalie Kibaki 2013. Hakupanda jukwaa la mtu yeyote. Watu walibashiri weee, huyu ni wake, hapana yule ni wake, yeye akaendelea na kazi mpaka Aprili 9 akamkabidhi Uhuru pale Kasarani akaenda zake nyumbani. Kibaki wakati ule chama chake kilikuwa hakina nguvu na hakikuwa na mgombea wa kueleweka, kwahiyo simfanyi malaika, hali ilimrahisishia. Lakini yule mkurugenzi, yule kamanda, yule chifu wa Kenya ya 2013 akimwangalia rais wake hakuona kidole kimeelekea wapi, na mi naona hiyo ni zawadi ambayo rais anayeondoka anaweza kuwapa watumishi wake bila kutumia shilingi.

Sasa fanyeni jambo moja wewe na mzee. Msafara wa kampeni ukiingia uwanja wa Furahisha, rais akiwemo au mgombea peke yake, nendeni wote wawili ila msikae karibu na jukwaa, simameni kule yanakoegeshwa magari. Mzee ahesabu yenye namba binafsi, wewe hesabu ya serikali, mashirika na miradi yake, yale ya STK, STL, SU na DFP. Andikeni kwenye daftari, na tarehe, alafu niandikie mmepata ngapi kila upande.